Mkia wa Shaba na Mlamula wa Kona

Jumatatu, 9 Juni

Mlamula wangu wa kona, mti wa mpaka, umehamishwa. Jana, Jumapili, nikiwa kanisani. Leo nimetoka kuanika kahawa kama kawaida, nikaona umesimama pasipo pake. Hatua nane ndani ya kibanja changu. Udongo wa shinani bado mbichi. Migomba yangu kumi na mmoja na mibuni minne sasa iko kwa jirani, Feliciani.

Nilimwuliza. Akacheka. "Dada, mlamula ndio shahidi. Mpaka uko pale uliposimama."

Karatasi niliyopewa na marehemu baba yake wakati nanunua kibanja inasema "mpaka ni mlamula". Basi. Vipimo hakuna. Nimehesabu ndizi maisha yangu yote, kikapu kwa kikapu hadi soko la Murongo, nikashindwa kuhesabu hatua za ardhi yangu. Mjinga mimi.

Jumanne, 10 Juni

Mlango umelowa. Harufu inachoma pua. Nimeosha kwa majivu. Huku mtu akikuta majimaji mlangoni asubuhi anajua kamwagiwa dawa ya uchawi. Mimi siamini mambo hayo.

Lakini kizingiti nimekiruka. Sikukikanyaga.

Alhamisi, 12 Juni

Ni Shaba. Paka wangu mwenyewe! Nimemwona kwa macho. Kageuzia mlango makalio, mkia wima, unatetemeka kama kashikwa na umeme, akarusha mkojo. Kisha akaenda kwenye turubai la kahawa, vilevile. Miaka minne hajawahi kufanya hivyo nyumbani.

Mke wa Feliciani alikuwa anapita. Kaona yote. Hakunisalimu.

Jumamosi, 14 Juni

Kisimani wanawake wamevuta ndoo zao mbali nami. Mmoja kasema, ili nisikie: "Paka wa kutetemesha mkia hatumwi sokoni, hutumwa kuroga." Wakacheka chinichini.

Mchana kweupe jiwe limetua kwenye bati.

Naogopa. Niandike wazi. Mwanamke peke yake, wazazi walitoka Burundi, paka anayetia watu mashaka. Jumlisha mwenyewe.

Jumatatu, 16 Juni

Bwana mifugo kapita kuangalia mbuzi. Nimemweleza kwa aibu. Hakucheka.

"Hana pepo huyo, mama. Mkia ukisimama na ncha imepinda kidogo, anakusalimia. Ukituna kama brashi ya chupa, kaogopa. Ukipigapiga huku na huku, mwache, kachukia. Ukisimama ukitetemeka hivyo, anaweka alama, anasema hapa ni pangu. Dume likipoteza alama yake ya zamani hubabaika, linaanza kuweka upya karibu na nyumba. Kuna kitu chake kimeondolewa?"

Kipo. Kila asubuhi Shaba alikuwa akianzia kwenye mlamula wa kona.

Jumanne, 17 Juni

Nimemfuata. Kaupita mlamula mpya, hata kuunusa hakuunusa. Hatua nane mbele kasimama katikati ya matandazo ya majani ya migomba. Kageuza makalio kwenye hewa tupu. Mkia wima. Ukatetemeka.

Nikafunua majani. Shimo limefukiwa juujuu. Mizizi imekatwa kwa panga, imebaki ardhini.

Nilipoinua kichwa Feliciani alikuwa pale, panga mkononi. "Unafukua nini kwangu, mchawi wewe? Na huyo paka unayemtuma nitamkomesha."

Nilirudisha majani. Nikaondoka kwa mwendo wa kawaida. Miguu ilitaka kukimbia.

Jumatano, 18 Juni

Shaba hajarudi. Uji umenishinda. Nimejifungia mchana, jua linawaka. Kila jani linaloanguka nadhani ni yeye. Au ni wao, warusha mawe.

Alhamisi, 19 Juni

Karudi. Mkia unaning'inia kama kamba iliyolowa. Mtu kauvuta kwa nguvu zake zote. Bwana mifugo kaja, kaubonyeza toka shinani hadi nchani, Shaba hakustuka. Huenda usiinuke tena, kasema.

Kwa hiyo sasa simsomi. Sijui kama ananisalimia au ananiogopa na mimi.

Nimekwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji. Sauti ilinikatika mara mbili, lakini nilimaliza. Atakuja Jumamosi na majirani, wafunue majani mbele ya wote. "Mpaka hapo usiliguse shimo," kaniambia, "na usilale nyumba hiyo peke yako." Hilo la pili ndilo limenitisha zaidi. Binti wa dada yangu kaja kutoka Bugene kwa bodaboda.

Ijumaa, 20 Juni

Umande mwingi. Nimegeuza kahawa. Mlango mkavu.

Shaba kajikokota hadi mahali pale. Kageuza makalio. Mkia haukuinuka. Mwili wote ndio uliotetemeka. Nilisimama upande wangu, nikamngoja amalize, tukarudi pamoja.

Kesho saa nne asubuhi mwenyekiti anakuja na majirani. Swali ni moja, nalikariri tangu jana ili sauti isinikatike mbele za watu. Feliciani, uling'oa mlamula wa baba yako au hukuung'oa? Sitaki hadithi ya paka. Ndiyo au hapana, kabla ya saa tano, ukiwa umesimama juu ya shimo.