Mikwiro Isiyodumu

Jumapili, 5 Juni 2022

Kwa masikitiko makubwa natangaza kifo cha mkwiro wangu wa kulia, kijiti changu cha kupigia dramu, kilichotokea jana ukumbini Ain Sebaa, wakati bibi arusi akiingia na vazi lake la tatu. Marehemu alikuwa wa mti mgumu, mnyoofu, asiye na makuu. Ameacha mjane mmoja, mkwiro wa kushoto, ambaye naye hali yake si nzuri. Habari ziwafikie ndugu na jamaa popote walipo. Hakuna matanga.

Mzaha kando. Nimeuangalia leo mwangani. Kichwa kimechanika nyuzi nyuzi, kimekuwa mswaki. Shingo imetafunwa kama mfupa wa mbwa. Sasa nauliza: nani kaufanya hivi? Mimi sipigi hivyo! Casablanca nzima inanijua kwa mkono mwepesi. Zamani jozi moja ilinitosha msimu mzima wa arusi. Hii niliinunua baada ya Idi tu.

Dramu zangu zinalala kwenye gereji ya Haji Miludi, kiongozi wa bendi. Na mikwiro hulala nazo. Yaani kuna mtu anazipiga mimi nisipokuwepo.

Na kama kuna mtu, basi Haji anamjaribu. Na kama anamjaribu…

Sitaki kuandika.

Jumanne, 7 Juni

Nimenunua jozi mpya, ya mti vilevile. Nimeificha jikoni, nyuma ya gunia la unga. Mke wangu Hlima kaikuta wakati wa kukanda mkate. Kauliza kama sasa tunapika supu ya vijiti. Nikamweleza: kuna kijana wa Mohammedia, nasikia anapiga vizuri, na Haji ana tabia ya kufanya mambo kimyakimya. Hlima akasema Haji hajawahi kufanya jambo lolote kimyakimya tangu azaliwe, hata kuoga anaimba.

Kweli. Lakini mikwiro haijichani yenyewe.

Nikamwuliza kwa nini ananipigia kelele. Akasema hapigi kelele, anaongea tu kama siku zote.

Jumapili, 12 Juni

Arusi jana. Mikwiro niliitoa jikoni kwa mkono wangu, nikairudisha kwa mkono wangu. Hakuna mtu aliyeigusa.

Asubuhi hii: suruali imejaa vibanzi. Kichwa cha kulia, mswaki. Cha kushoto kinafuata.

Kwa hiyo kijana wa Mohammedia hana hatia. (Nimemtukana wiki nzima moyoni. Anisamehe.) Kosa ni la mti! Siku hizi wanakata miti michanga.

Jumatatu, 13 Juni

Kwa Idder, muuza vyombo vya muziki. Nimemhutubia kuhusu miti michanga. Akasikiliza mpaka mwisho, akaigeuza mikwiro mkononi, akaniuliza nimegombana na nani.

Hakuna, nikasema.

Basi dramu zako zimekukosea nini, fundi, akasema. Huku si kuchakaa, hiki ni kipigo.

Kisha kaniletea jozi yenye vichwa vya nailoni. Mpini wa mti, ila ncha nyeupe kama jino la dhahabu la maskini. Nailoni haichaniki, akasema, ila sauti yake kali kidogo, na wengine hawaipendi. Nimeichukua. Mimi mtu wa mti tangu ujana, leo nimehamia plastiki. Baba angeniona angecheka mpaka akohoe.

Jumanne, 14 Juni

Nimezaliwa upya!

Mazoezi gerejini. Nimeligusa toazi kubwa, lile sahani la shaba, kwa ile nailoni, na toazi likaongea. Tsii, tsii, tsii — kama samaki anapoingia kwenye mafuta ya moto. Muda mrefu sijasikia sauti hiyo. Nilidhani toazi limezeeka, limepata ufa mahali, limekufa kwa ndani. Kumbe mti ndio uliokuwa unalifunga mdomo. Nikapiga kama mtoto siku ya Idi.

Wenzangu hawakufurahi. Zuhair wa kinanda alikuwa amekaa pembeni kabisa, karibu na mlango. Nikamtania kama ana deni na mtu, anataka kukimbia. Akacheka, akachomoa pamba sikioni ili anisikie. Pamba! Nikamwuliza tangu lini. Akasema ana mafua.

Haji akaiweka fidla yake gotini, akaniomba kwa adabu nirudi kwenye mti. Haji na adabu — hapo nilishtuka. Nikamwambia mti hauna faida, toazi likipigwa kwa mti halitoi neno.

"Halitoi neno?" akasema.

"Neno moja halitoi. Tok, tok, kama mlango. Wewe unalisikia?"

Akamtazama Zuhair. Zuhair akatazama kinanda chake.

"Nalisikia, Bushaib," akasema Haji. "Nalisikia vizuri sana."

Basi akasema tupumzike. Tukanywa chai. Hakuna aliyenitania, na hawa watu hunitania hata nikipiga chafya. Nimelileta toazi nyumbani nitafute ule ufa.

Alhamisi, 16 Juni

Ufa hakuna. Nimelipitisha kidole lote, nimelitazama juani. Halina hata mkwaruzo.

Ijumaa, 17 Juni

Leo nataka kuandika kama ilivyotokea, bila kupamba.

Binti yetu Ghizlane kaja kula kuskusi. Baada ya chakula nikasema nitawathibitishia kwamba nailoni ni sauti na mti ni kuni. Nikaweka toazi kwenye stendi yake sebuleni. Nikampa Ghizlane mikwiro yote. Nikamwambia apige polepole, vile ninavyopiga bibi arusi akiletwa juu ya mabega ya wabebaji, ukumbi ukiwa kimya. Mimi nikageukia dirishani. Nikisikia nainua mkono.

Nailoni: nikainua. Tena, nikainua. Tena. Nilikuwa najisifu kwa mgongo.

Nikasema haya, sasa mti.

Nikangoja. Barabarani muuza mitumba alikuwa anapita na mkokoteni. Juu, jirani alikuwa anakata kitunguu ubaoni — tok, tok, tok, mbali. Nikangoja. Nikaona Ghizlane ananichezea, nikasema bila kugeuka:

"Mbona huanzi? Hapa nasikia kitunguu cha jirani tu."

Nikageuka.

Mkono wake ulikuwa unapanda na kushuka. Toazi lilikuwa linayumba. Hlima alikuwa amesimama mlangoni na sinia la tikiti.

"Baba Ghizlane," akasema, "majirani wa juu wako Marrakech tangu Jumapili."

Tukala tikiti.

Jumamosi, 18 Juni, alasiri

Basi kilichotokea hasa ni hiki. Mti haukuwa mbovu. Kijana wa Mohammedia hakugusa kitu. Mikwiro niliiua mwenyewe, jozi baada ya jozi, nikiitafuta sauti ambayo wenzangu wote walikuwa wanaisikia. Nikizidi kutosikia nikazidi kupiga. Zuhair kahamia mlangoni na pamba yake, na mimi nikamtania. Haji amenivumilia kwa adabu. Mkono mwepesi wa Casablanca!

Ghizlane kanitafutia daktari wa masikio, Jumatano. Lakini arusi ni leo. Ya mpwa wa Haji. Nikipiga nailoni nasikia, na ukumbi mzima unaumia. Nikipiga mti wageni wanastarehe, na mimi napiga gizani. Jozi zote mbili ziko hapa mezani, karibu na birika. Haji sijamwambia. Pengine anajua kila kitu isipokuwa kwamba mimi sasa najua. Nikimwambia, anaweza kumpigia simu kijana wa Mohammedia leo hii, naye atafika kabla ya bibi arusi kuvaa. Nikinyamaza, nitapiga kwenye arusi hii, na inayofuata, na mikwiro itaendelea kufa.

Hlima kanigusa bega sasa hivi. Kasema gari la Haji liko chini, amepiga honi sana, majirani wametoka madirishani.

Nikamwambia nimesikia.

Akaondoka. Alikuwa ameshafika kwenye korido nilipomwita.

"Sikusikia, Hlima. Mwambie Haji apande kwanza. Anywe chai."

Amechungulia dirishani, anaongea naye kwa mikono. Nami nakoroga sukari. Ngazi zetu ni za mbao na Haji ni mtu mzito. Anapanda. Nazihisi hatua zake kwenye miguu ya meza.