Zumari Bila Meno

Alhamisi, 29 Januari 2026

Zuwena,
Mjukuu wetu Saleha anaolewa Jumamosi ya wiki ijayo. Leo kaja, kakaa mkekani upande wako. "Mume wangu mzee," kaniambia, "zumari utapiga wewe. Sitaki spika." Nimecheka, nimekubali. Hajui kwamba tangu tukuzike sijapuliza. Na meno ya mbele yamekwisha, navaa ya bandia.

Desturi yetu unaijua. Bwana harusi akishuka barabarani, zumari isikatike mpaka mlangoni. Ikikatika, wasichana wanafunga mlango, na mpigaji anachekwa mtaa mzima.

Jumapili, 1 Februari

Nimejaribu uani. Aibu. Kuweka hewa mashavuni huku pua ikivuta nyingine — zamani sikufikiria hata. Sasa mashavu yamelegea, meno ya bandia yanacheza. Tahiri, mpiga ngoma wangu wa siku zote, kaacha kupiga. Kasema kwa pumzi hiyo bwana harusi ataolea barabarani.

Jumanne, 3 Februari

Meno yamedondoka katikati ya wimbo! Tahiri kacheka mpaka kashika ukuta. Kwa hasira nikapuliza hivyo hivyo, kibogoyo. Zuwena, imekaa. Midomo imeingia ndani, imebana kile kisahani cha shaba kwenye mdomo wa zumari, hewa haivuji. Na haya mashavu yaliyolegea yanabeba hewa kuliko ya ujanani. Kumbe nilikuwa naona aibu tu kuyavua meno.

Tahiri kaacha kucheka, kashika ngoma. Kisha kanitania, "Endelea, bibi kizee." Nikaendelea.

Jumamosi, 7 Februari, alasiri

Naandika chumba cha nyuma, hapa hapa Usagara kwa kina Saleha. Midomo imekufa ganzi. Zumari haikukatika.

Nimeanza barabarani, mdomo umebonyea bila meno. Watu wa bwana harusi, wa Maramba, wakanong'ona kuwa babu huyu atawaaibisha. Penye kona ya duka pumzi ikaanza kupungua. Nikapunguza mwendo. Bwana harusi naye akapunguza, msafara mzima ukaenda kwa pumzi yangu. Wasichana wameshika mlango, wananingoja nikosee. Nikawapita zumari inalia. Vigelegele.

Sasa Tahiri anagonga. Wa Maramba hawaondoki na bibi harusi mpaka niwasindikize kwa zumari hadi kwenye gari. Nimemwambia midomo siisikii. Kasema, "Si mkeo anayeondoka? Toka."

Ulimi wa zumari, kile kipande cha kupulizia, nimeuweka mdomoni, unalowa. Saleha amesimama ukumbini, ananisubiri. Sijui kama pumzi itafika garini.

Nakwenda. Nikumbuke, Zuwena.