Mikono ya Mama Mkwe Ina Baridi

Jumanne, alasiri. Ukungu haujaondoka hapa kijijini Titye tangu asubuhi, na mimi sijacheka tangu asubuhi.

Mwanangu Imani alinipiga teke la kidevu muda mfupi uliopita, akaangua kicheko, halafu akakojoa ndani ya beseni la maji ya moto niliyoyachemsha kwa kuni mbichi. Moshi bado unaniwasha macho. Nikamwaga, nikachemsha mengine, nikamwogesha upya, nikamfunga kwenye blanketi. Sasa amelala mapajani kwa bibi yake, karibu na moto, na mimi nimekaa mlangoni naandika kwenye simu kwa kidole kimoja. Chaji inaishia.

Nimechoka kutoaminiwa ndani ya nyumba hii.

Naona aibu kuandika haya, lakini nisipoyaandika yatanipasua. Imani anakaribia miaka miwili. Tulipoenda kliniki mwezi uliopita, nesi alimvua nguo dirisha likiwa wazi, upepo unaingia, akampapasa, akaniuliza mbona korodani moja haipo. Nimemwogesha mtoto huyu tangu azaliwe na sijawahi hata kuangalia kama ziko mbili. Mama gani mimi?

Tukaelekezwa hospitali, Kasulu mjini. Daktari wa pale ni mgeni huku, amehamishiwa kutoka Tanga, ndani ya koti jeupe kavaa sweta na bado anajikunyata. Huyo hakumgusa mwanangu kwa haraka. Alisugua viganja, akavipulizia, akaniambia nimpakate Imani nimfunike mpaka atulie. Ndipo akampapasa. Ziko zote mbili. Akanionyesha, nikaona kwa macho yangu.

Kisha akapitisha kidole taratibu juu ya paja, upande wa ndani, na ile ya upande ule ikapanda juu yenyewe kama imeitwa. Imani wala hakujali, alikuwa anang'ang'ania kalamu ya daktari.

"Umeona, mama? Huo ni msuli wake unafanya kazi. Ningehangaika kama usingefanya."

Alinieleza kwa lugha ya kawaida, namshukuru kwa hilo, maana shule yangu iliishia darasa la saba. Korodani haitaki joto lote la tumbo, ndiyo maana inakaa nje. Baridi ikizidi, msuli unaivuta juu. Joto likirudi, unaiachia. Ukimgusa mtoto pajani, msuli unaivuta pia. Kwa watoto wengine msuli ni mkali kiasi kwamba korodani inapanda mpaka huioni, na mtu anadhani haipo. Ingekuwa haijawahi kushuka kabisa, hilo ni jambo lingine, lingehitaji upasuaji mapema asije akapata shida ya uzazi ukubwani. Ya Imani inashuka. Kwa hiyo nimrudishe kila mwaka aangaliwe, basi, kwa sababu nyingine huwa zinapanda zikabaki hukohuko.

Akaniambia na jingine, nalo silisahau. Siku mtoto akishikwa ghafla na maumivu makali pale, pakavimba, na ile korodani haipandi tena ukimgusa paja, huenda imejisokota. Hapo ni kumkimbiza hospitali, hakuna kusubiri kukuche. Hata akiwa kijana mkubwa anayeona aibu kumwambia mama yake.

Nilirudi nyumbani nimejaa furaha. Nilidhani kazi imeisha.

Kumbe ndiyo ilikuwa inaanza. Mama mkwe ana desturi yake. Kila alfajiri anamtoa mjukuu wake uani, anamwogesha kwa maji yaliyolala nje kwenye ndoo, eti mtoto wa kiume wa huku azoee baridi angali mdogo. Wanawe wote aliwaogesha hivyo. Akimaliza, anamlaza kwenye mkeka palepale uani, meno ya mtoto yanagongana, na tangu asikie maneno ya nesi, ndipo anamkagua. Na kila akimkagua anakuta moja.

Kila siku moja! Itakosaje kuwa moja?

"Mama, maji ni ya baridi, ndiyo maana imepanda," namwambia.

"Imepanda kwenda wapi? Ni kuku hiyo, ikalale juu?"

Wiki iliyopita Imani alikuwa amelala mchana, jua limetoka kidogo, nikaangalia, zote mbili zimetulia mahali pake. Nikamwita mama mkwe mbiombio. Akaja anatoka kisimani, mikono inachuruzika maji. Kabla sijasema neno ameshamshika mtoto paja. Ikapanda. Akanishika bega.

"Mwanangu, wewe unaona visivyoonekana. Pumzika."

Jumapili nikajaribu tena. Yaleyale. Safari hiyo alikuwa anaosha vyombo. Nilitamani kupiga kelele. Ushahidi wangu unakimbia kila ukifika mkono wa yule ninayetaka auone! Nikafikiria kumpiga mtoto picha nimtumie baba yake, nikajikataza. Hayo si mambo ya kuweka kwenye simu.

Baba Imani yuko Kibondo, ni fundi, wanajenga madarasa. Nikampigia. Akanisikiliza vizuri, akasema, "Sawa, lakini mama ameshalea, msikilize na yeye." Nikamuuliza, na mimi nisikilizwe na nani? Akasema mtandao unasumbua.

Ningekaa kimya kama ingekuwa ni maneno tu. Lakini kesho ni gulio Makere, na huko kuna mzee anayechanja chale. Anakata kwa wembe pale kwenye kinena, anapaka dawa nyeusi, eti korodani iliyofungwa inafunguka. Mama mkwe ameshazungumza na mtu wa bodaboda. Kitenge cha kumbebea mtoto amekikunja juu ya kiti.

Wembe. Kwa mtoto ambaye haumwi chochote.

Asubuhi nililia mbele yake, nikamuuliza kwa nini hataki kuniamini. Akachambua maharage. Halafu akaniambia kuhusu kaka yake, aliyekuwa na moja, aliyeoa na hakupata mtoto, aliyechekwa kwenye kila kikao cha pombe mpaka akahama kijiji. "Sitaki mjukuu wangu achekwe," akasema.

Hapo hasira yangu ikakosa pa kukaa. Nilikuwa namwona mkaidi, kumbe anaogopa kitu kilekile ninachokiogopa mimi. Lakini woga wake una wembe ndani yake, na siwezi kuupisha.

Nikamwambia, "Mama, nipe leo tu. Nitamwogesha mimi, kwa maji ya moto. Atalala. Wewe utapasha mikono kwenye moto mpaka iwe ya moto kama uji, na utafungua blanketi bila kumgusa paja. Ukikuta moja, tutaongea habari za Makere. Ukikuta mbili, mwenye bodaboda abebe abiria wengine."

"Na ukishindwa usinililie."

"Sitalia."

Nimedanganya. Akikuta moja sitamtoa mwanangu. Nitambeba mgongoni nimpeleke Kibondo kwa baba yake, aseme tena mtandao unasumbua huku namtazama usoni. Lakini nitaishije tena na mama huyu baada ya hapo? Nampenda. Ndiye aliyenishika mkono nilipokuwa najifungua.

Kutoka hapa mlangoni namwona. Amenyoosha viganja juu ya makaa, anavigeuza kama anachoma mahindi. Anavigusisha shavuni mwake, haridhiki, anavirudisha. Sijawahi kumwona anafuata maneno yangu namna hii. Imani anakoroma.

Sasa anafungua blanketi.

Hasemi kitu. Ameinama. Mungu wangu, kwa nini hasemi kitu? Nimeandika sentensi hii na kuifuta na bado hajasema kitu.

Amefunika. Amefungua tena.

Ananiita. Sauti ya chini, ile ya kuogopa kumwamsha mtoto: "Mama Imani, njoo. Njoo polepole. Zipo." Anafuta macho kwa kile kitenge cha kesho. Naenda, ila kabla simu haijazima nataka niseme tu kwamba mimi