Dirisha la Mama Litazame Mlima

Kaka Elia,

Shikamoo. Natumaini mwenzangu wa Tengeru anayekuletea karatasi hii atawakuta wazima, na kifua cha Mama kimetulia. Mimi mwili ni mzima, usingizi ndio sina tangu ulipotuma picha ya kiwanja. Nimeandika kwa sababu kwenye simu tunaishia kukatiana. Isome pamoja na wifi, mpaka mwisho.

Nimeziona kamba za msingi wa chumba kipya cha Mama. Mlango unatazama barabara, mgongo umechimbiwa kwenye mteremko. Ni kosa lilelile la nyumba ya kwanza anayokaa Mama sasa, kaka. Umesahau Julai ya mwaka jana ulivyomkuta asubuhi hajiwezi, jiko la mkaa likiwa bado na moto miguuni pake? Zahanati walikuambia ni hewa ya mkaa. Uliponipigia nilikuwa namlisha uji mzee mmoja hapa kazini ninakotunza wazee, bakuli likanidondoka.

Mzee huyo alikuwa fundi ujenzi. Siku moja nilimchorea nyumba yetu, Mlima Meru nyuma, mtaa wa Sekei chini. Akauliza, "Julai jua lenu linakuwa upande gani?" Niliona haya. Nimekulia pale na sijawahi kuliangalia. Baadaye ndipo nikakumbuka kivuli cha migomba saa sita mchana, wakati wa baridi: kinaangukia upande wa mjini. Jua linakuwa upande wa mlima, na upande huo sisi tumeuziba kwa udongo. Ndiyo maana Mama anawasha taa mchana na gunia la mkaa halimalizi mwezi. Mkaa wenyewe ni miti ya mlimani kwetu, halafu tunakaa tunalalamika mvua hazieleweki na kahawa inakauka.

Sogeza msingi mbali na udongo. Dirisha moja kubwa litazame mawio, jingine mlima. Najua utarudia yale ya kwenye simu, "Watu wakitoka kanisani waone tumewapa mgongo?" Waone.

Nyumba ya kwanza ni mimi niliyeng'ang'ania itazame barabara. Mama aliniambia, "Mwanangu, huku mbele hakuna jua." Nikamjibu kwamba kibaraza kikionekana ndiyo heshima. Akahamia hivyo hivyo. Kaka, nilimnyamazisha mama yangu kwa ajili ya wapita njia, na nusura nimzike.

Msalimie wifi na watoto. Msalimie shangazi anayeuza ndizi pale Maji ya Chai, na mjomba fundi seremala wa Ngarenaro, mwambie fremu za madirisha asizianze kwanza.

Zege linamwagwa Jumamosi. Mei hii jua limeshaegemea mlimani. Ijumaa asubuhi mpeleke Mama kiwanjani na kiti chake. Mwache akisogeze mwenyewe mpaka apate joto, usimharakishe. Kamba za msingi zifunge upya hapo alipokaa.

Ni mimi mdogo wako,
Neema