Yahusu Bunduki ya Marehemu Baba na Karatasi Yake ya Bei

Sanduku la Posta 41,
Hebner, Pennsylvania.
4 Oktoba 1998.

Kwako dada mpendwa Verna,

Salamu nyingi zikufikie huko Arizona, wewe pamoja na shemeji Rey. Ni matumaini yangu kwamba goti lako limepata nafuu baada ya upasuaji, na kwamba jua la huko, unalolisifu katika kila kadi, linaendelea kukutendea wema. Sisi huku tu wazima. Mama ametimiza miaka themanini na minne, na siku hizi hasikii chochote isipokuwa kile ambacho hatukutaka akisikie. Mlima wote umekwisha kuwa mwekundu kwa majani, na maboga yamevunwa.

Madhumuni ya barua hii ni kukuomba uamuzi wa maandishi juu ya bunduki ya marehemu Baba, aliyoturithisha wewe na mimi kwa pamoja, na hasa juu ya ile karatasi yake ya bei iliyopigiliwa msumari ukutani katika kambi yetu ya uwindaji. Naomba uniruhusu nianze mwanzo, ili kumbukumbu zetu ziwe sawa.

Utakumbuka ya kwamba Jumamosi iliyofuata Sikukuu ya Shukrani, Novemba 1965, Baba alikwenda dukani kwa Bwana Hennig akiwa na fedha ambazo Mama alikuwa amezidunduliza ndani ya kopo la unga kwa ajili ya mashine ya kufulia. Alirudi na boksi refu, nawe ndiwe uliyemfungulia mlango. Ndani mlikuwa na bunduki ya namna ya zile za jeshi, inayojipakia risasi yenyewe, nyeusi tii, yenye kitako cha plastiki. Bei yake ilikuwa dola mia moja themanini na tisa na senti hamsini. Wakati huohuo, bunduki kuukuu za jeshi zilizokwisha kupigana huko Ulaya zilikuwa zikipatikana kwa dola ishirini, na bunduki nzuri ya kulungu, yenye kitako cha mbao, haikufika mia na hamsini. Bwana Hennig mwenyewe alikiri baadaye kwamba ile ilikaa dirishani kwake tangu majira ya kuchipua, watu wakiingia kuigusa, kucheka, kisha kununua misumari na kwenda zao.

“Clayton,” Mama alisema, “hii ndiyo mashine?”

“Inajiendesha yenyewe, Rozella.”

“Vizuri. Basi na ifue.”

Hakucheka aliposema hivyo. Wewe na mimi tunafahamu kwamba Mama hakuwa amecheka tangu mwezi Machi wa mwaka ule, tulipomzika mdogo wetu Dean.

Yaliyotokea kambini Jumapili jioni wewe uliyasikia tu, lakini mimi nilikuwapo, na kwa hiyo nayashuhudia. Baba aliiweka bunduki mezani kwa fahari. Mtu mmoja akasema, “Usiisogeze karibu na jiko, Clayton, itayeyuka!” Mwingine akauliza kama ilitoka ndani ya boksi la biskuti. Ndipo Bwana Orrin Tubbs, mkuu wa kambi, alipovaa miwani, akafungua kile kitabu cha sheria za uwindaji, na kutusomea kwa sauti kwamba katika jimbo letu hairuhusiwi kuwinda kulungu kwa bunduki inayojipakia yenyewe.

“Clayton, ndugu yangu,” akasema, “umenunua bunduki ya kulungu ambayo kulungu wenyewe wamekatazwa kuiona.”

Desturi ya kambi unaijua: anayemkosa kulungu hukatwa pindo la nyuma la shati, na kitambaa kikapigiliwa ukutani pamoja na jina lake. Baba alijitetea kwamba hajafyatua hata risasi moja. Bwana Tubbs akatoa hukumu: “Huyu amemkosa kulungu akiwa bado dukani.” Mkasi ukapita. Lilikuwa lile shati la mirabaraba ulilomshonea wewe.

Jumatatu mchana Baba alishuka nyumbani kuchukua bunduki ya zamani ya babu. Jumanne alipanda tena, akaipigilia karatasi ya bei chini ya kile kitambaa chake, kwa msumari wake mwenyewe. Sote tulidhani ameamua kujicheka kabla hatujamcheka zaidi.

Tangu hapo bunduki ile ilitoka ndani ya boksi mara moja kwa mwaka, tarehe nne Julai, kwenda kupiga makopo katika machimbo ya kokoto, kisha ikafutwa na kurudishwa. Kwa sababu ya kosa la Baba, dada, imebaki kama ilivyotoka dukani.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe. Mwezi uliopita alifika Bwana Pruitt wa Williamsport, mkusanyaji wa bunduki za aina hiyo. Alisoma namba iliyochongwa ubavuni, akavua kofia. Alinieleza kwamba zile za miaka ya mwanzo zilikuwa chache, na wengi walionunua walizichakaza au kuzibadilisha vipuri. Ametaja dola elfu moja na mia tano kwa bunduki pamoja na boksi lake. Lakini tukiongeza na karatasi ya bei, atatoa elfu moja na mia tisa, kwa kuwa, asemavyo, karatasi hizo hakuna aliyezitunza. Mauzo yatafanyika mbele ya muuzaji mwenye leseni, kwa taratibu zote. Anasubiri jibu hadi mwisho wa mwezi huu.

Unajua pia kwamba theluji ya Machi ililivunja paa la kambi. Fedha zikiwa kamili, Mama atapata mashine mpya ya kufulia, ambayo tumemcheleweshea kwa miaka thelathini na mitatu, na paa lote litaezekwa mabati kabla ya msimu wa uwindaji. Tukiuza bila karatasi, mashine itanunuliwa, lakini paa litaezekwa upande mmoja tu.

Ningekuwa nimeishia hapo na kukushauri tuuze vyote. Lakini Bwana Pruitt aliomba kuona nyuma ya karatasi. Kanuni ya kambi, kama ujuavyo, ni kwamba kilichopigiliwa ukutani hakibanduliwi ila kwa idhini ya maandishi ya mwenyewe au warithi wake wote. Kwa hiyo sikugusa msumari. Niliikunja tu pembe yake taratibu, nikamulika kwa tochi. Nyuma kuna mwandiko wa Baba, kwa penseli:

Jumatatu. Rozella amecheka.

Bwana Pruitt alisema maandishi hayo hayapunguzi thamani. Nilimjibu kwamba nimemsikia.

Nilipofika nyumbani nilimuuliza Mama ilikuwaje siku ile. Akaweka kijiko chini.

“Aliingia, akanipa mgongo kufunga mlango,” akasema. “Shati halina nyuma, na upepo wote wa Novemba unamwingia. Wewe ungefanya nini?” Akaanza kucheka upya, hata ikambidi ayashike meno yake ya bandia. Nilipomuuliza karatasi ifanyweje, alijifuta macho akasema, “Mimi nataka mashine yangu. Hiyo karatasi muulize Verna. Ndiye aliyenisaidia kufua kwa mikono miaka miwili mingine, mpaka tukapata ile mashine kuukuu, kwa ajili ya huyo baba yenu.”

Kwa hiyo nakuuliza. Kwa upande wangu nimejizuia kutoa maoni, ili nisikushawishi, na nitatia sahihi chini ya lolote utakalochagua. Nataja tu, kwa ukamilifu wa taarifa, kwamba juzi mjini nilikuta turubai imara la kijani, lenye ukubwa wa kutosha kufunika upande mmoja wa paa kwa majira ya baridi, nikalinunua kwa tahadhari.

Bwana Tubbs, ambaye sasa anatembelea fimbo mbili, anakusalimu na kusema shati lilikuwa limeshonwa vizuri mno, mkasi ulisumbuka. Mke wangu Arlene anakusalimu, na anaomba tena ule mchanganyiko wako wa kachumbari ya matango. Mama anasema uvae soksi. Mwenyezi Mungu akulinde wewe na nyumba yako, aliimarishe goti lako, na atukutanishe mezani tukiwa wazima.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye siku zote,

Harlan C. Wykoff

Tafadhali kata usilolitaka, utie sahihi, na urudishe ukurasa huu kabla ya tarehe 25 Oktoba:

Karatasi ya Baba: IUZWE / IBAKI UKUTANI.

Sahihi ya mrithi: ______________________