Mlango wa Nyuma

3 Machi

Baba, shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, mikono tu ndiyo imebabuka kwa sabuni.

Umesikia redioni kima cha chini cha mshahara kimepanda? Hapa tunapofua shuka za hoteli tulipiga vigelegele. Kumbe bure! Bosi ametuambia mkaguzi wa kazi akija, sisi kumi na wawili tunaolipwa nusu ya hicho kima tutoke mlango wa nyuma, tukajifiche jalalani mpaka aondoke. Eti akifuata sheria hoteli itafungwa. Na lile gari lake jipya kanunua kwa pesa gani, kwa maombi? Mimi sitoki, Baba.

Mwanao, kifungua mimba


10 Machi

Marahaba, mama. Mgongo bado unanisumbua, lakini kazini naenda.

Toka, nakuomba. Miaka kumi na tisa nalinda geti la kiwanda, na wakaguzi wakija nawaambia bosi kasafiri, naye yuko ghorofani anakunywa chai. Nalipwa kiduchu, lakini ulisoma. Ukifukuzwa, ada ya mdogo wako tutaitoa wapi? Meza hasira, mwanangu.

Baba yako


29 Machi

Shikamoo Baba. Natumaini nyote hamjambo.

Mkaguzi alikuja. Wenzangu wakatoka, mimi nikabaki na pasi yangu. Bosi alinikonyeza mpaka nikamwonea huruma. Mkaguzi akaniuliza nalipwa ngapi, nikamtajia. Akauliza, "Uko peke yako?" Nikaenda nikafungua mlango wa nyuma. Wakaingia wote kumi na mmoja, wananuka taka, na hakuna aliyeinamisha kichwa.

Wao wataongezwa mshahara. Mimi nilifukuzwa jioni ile ile, nimefungua kesi. Kwa ada ya mdogo wangu nisamehe. Kwa ule mlango siombi msamaha, hata kwako.

Mwanao


6 Juni

Mwanangu, hujambo? Sisi wazima. Nilikukasirikia mno, nikaapa sikuandikii tena.

Jana mkaguzi alikuja kiwandani, akauliza kama bosi yupo. Jibu la miaka kumi na tisa lilikuwa tayari mdomoni. Nikasema, "Yupo. Ghorofa ya pili, mlango wa kushoto." Kisha nikafungua geti lote, hata ule upande wa malori wenye kutu.

Leo asubuhi nimenyang'anywa funguo na sare. Njoo nyumbani na karatasi za kesi yako, unionyeshe inavyofunguliwa. Mama yako anasema wewe ndiye uliyeniharibu. Nimemwambia ni kweli.

Baba yako