Betri za Kuanika

Jumatatu, 8 Septemba

Duka nimefungua saa mbili. Zipu nyeusi zimeisha tena. Vumbi tele.

Salum kapita saa nne. Kama kawaida yake, macho mbele, akaingia duka la tatu kutoka langu, akatoka na nyuzi. Nyuzi hizohizo ninazo mimi, na zangu hazikatiki ovyo. Fundi cherehani anatoka Magomeni mpaka Kariakoo, halafu ananiruka. Miaka kumi na moja sasa. Nimeshazoea.

Uongo. Sijazoea.

Jumanne, 9 Septemba

Kaja binti dukani, fulana nyeusi, kanyoa upande mmoja wa kichwa. Nikadhani anataka vifungo.

"Shikamoo, anko. Wewe ndiye ulikuwa unapiga besi bendi ya Kutu?"

Nikaitikia marahaba huku naangalia nani kasikia. Tangu nianze kuota kitambi hakuna aliyeniuliza swali hilo.

Anaitwa Rehema. Ana bendi yake ya hevi metali, wako wanne. Wanayo rekodi yetu, ile moja tu tuliyowahi kufanya, nyimbo sita. Imewafikia simu kwa simu. Jumamosi ya tarehe 20 wana onyesho kwenye ukumbi mmoja Ilala na wanataka kumalizia na "Mgao", wimbo tulioutunga mimi na Salum. Lakini hawagusi bila ruhusa ya wote wawili. Kwa Salum ameshakwenda. Kajibiwa: "Yule wa Kariakoo aje mwenyewe kuniomba, ndipo nitajibu."

Nimemwambia Rehema nitafikiria. Woga mtupu.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimempa mteja zipu za suruali, alitaka za foronya. Akili haipo.

Nakumbuka tulivyoanza. Tulianza na fulana, muziki ukaja baadaye. Mchikichini, kwenye marobota ya mitumba, zilikuwepo fulana nyeusi zenye mafuvu na herufi za miibamiiba. Hatukujua ni majina ya bendi. Tulizivaa karibu mwaka mzima kabla ya kusikia hata wimbo mmoja.

Kisha Salum akapata kaseti. Tukaisikiliza kwa redio ya bibi yake. Umeme ulikuwa wa mgao, na betri mpya nani atanunua? Zile zilizochoka tulizianika juani juu ya bati, zikapata uhai kidogo. Uhai wenyewe wa kuungaunga. Kaseti ikawa inavutwa taratibu, sauti nzito, gitaa linanguruma kama mashine ya kusaga. Tukaamini ndivyo muziki ulivyo. Tukalegeza nyuzi za magitaa mpaka zikafika chini huko. Wimbo wa dakika tatu sisi tukaupiga kwa dakika saba. Na Salum, mtoto wa madrasa, ana pumzi ya kaswida. Neno moja aliweza kulivuta mpaka mpiga ngoma anapiga mwayo.

Mama yangu alimwita mchungaji. Mama yake alimwita shehe. Tukaombewa kote kuwili wiki moja, na mazoezi hatukukosa.

Tulipokuja kuisikia kaseti ileile kwa umeme, tulicheka mpaka tukakaa chini. Hatukubadilisha kitu. Watu walishatupenda hivyo.

Jumapili, 14 Septemba

Mahubiri sikuyasikia. Niandike tu, hakuna anayesoma.

Tulishapiga miaka mingi ndipo tukapata onyesho moja kubwa, Posta, Jumamosi ya mwisho kabla ya Krismasi. Bendi zinatoka Nairobi, na mtu wa kuturekodi upya anatoka hukohuko. Na Desemba sisi Wachaga tunapanda Moshi. Halina mjadala hilo, nusu ya Kariakoo inafungwa. Baba alitaka niwahi kwa ajili ya mbuzi wa sikukuu. Ningeweza kumwomba siku mbili. Sikumwomba. Niliogopa. Kama tungefaulu ningelazimika kumwambia duka lake silitaki.

Nikamtumia Salum ujumbe: Baba mgonjwa sana, nimeitwa. Nikazima simu.

Nilidhani atakasirika, yaishe. Kumbe akaenda kwa waandaaji akaiondoa Kutu, kisha akapanda basi na pakiti ya halua kuja kumjulia hali mgonjwa. Akauliza njia mpaka nyumbani. Akamkuta mgonjwa kakunja mikono ya shati, kisu mkononi, anachuna mbuzi huku anaimba.

Angeweza kunivua nguo pale. Badala yake akamwamkia Baba, akampa halua kwa mikono miwili, akasema ni salamu za mama yake. Mimi akanitazama mara moja tu. Akaondoka na basi la mchana uleule. Bendi ikaishia hapo.

Miaka minne baadaye Baba akaugua kweli, akafariki. Salum sikumwambia. Ningemwambiaje? Ugonjwa wa Baba nilishautumia.

Jumatano, 17 Septemba

Nimekwenda Magomeni.

Chumba cha mbele, kanzu zimetundikwa, Salum kwenye cherehani. Nikapiga hodi. Akasema karibu, mguu haukuacha kukanyaga.

"Mzee anaendeleaje? Alishapona?"

Nilistahili.

"Alifariki. Mwaka wa saba huu."

Cherehani ikasimama. Akasema innalillahi, kwa sauti ya chini. Kisha akaniuliza kwa nini sikumpa habari.

"Ungeniamini?"

Akafikiri. "Nisingekuamini," akasema. "Lakini ningekuja."

 Nikamweleza yote, woga, duka, simu niliyoizima. Nikaomba radhi. Hakusema amesamehe. Aliuliza jambo moja, Rehema na wenzake wanaupiga wimbo kwa mwendo gani. Nikasema sijawasikia, ila hawa watoto wa siku hizi wana haraka. Akasonya. Akaingia ndani, akatoka na redio ya bibi yake, ile kaseti bado imo ndani, imefungwa kwenye kipande cha khanga.

"Mpelekee yule binti. Waambie wapige. Na betri aanike."

Ijumaa, 19 Septemba

Nimempa Rehema redio na kisa chake, kacheka mpaka wateja wakageuka. "Anko, yaani miaka yote tunasaka siri ya ile sauti, kumbe betri!"

Anasema wao si peke yao. Kuna vijana Temeke, kuna wengine Kinondoni, wote wanapiga polepole na kwa uzito. Wanauita mwendo wa Kutu. Nilijifanya natafuta sindano chini ya meza.

Betri nne ziko juu ya bati la duka. Jirani ananishangaa.

Jumapili, 21 Septemba

Onyesho lilikuwa jana alasiri. Nilimwekea Salum kiti. Hakuja.

"Mgao" waliupiga kama ulivyo, mzito, hauna haraka na mtu. Vijana ambao tulipoutunga hawajazaliwa waliimba kila mstari. Kosa letu wamelishika kama sala. Pale Salum alipokuwa anavuta neno, Rehema alijaribu. Pumzi ikamwishia, ukumbi ukammalizia.

Nililia. Nilifurahi na nilikuwa mpweke, vyote pamoja. Kiti kilibaki kitupu mpaka mwisho.

Jumatano, 24 Septemba

Zipu nyeusi zimefika.

Saa nne kapita Salum. Akafika mlangoni kwangu, akasimama. Akaingia.

"Mangi, nipe uzi mweupe."

Mangi, chifu wa Kichaga, ndivyo alivyokuwa akiniita. Nikampa. Akauvuta kwa mikono yote miwili kuona kama unakatika. Haukukatika. Akasema bei yangu imezidi adabu yangu, nipunguze. Nikapunguza.

Akasema yule binti anaanza kuvuta akiwa hajajaza kifua, nimtume kwake amfundishe. Kumbe siku ya onyesho alikuwepo, nje, ukutani. Sikumuuliza.

Alipokuwa anatoka akauliza Desemba nafunga duka lini. Nikamwambia tarehe ishirini.

"Nikatie tiketi na mimi. Mama yako huko Moshi sijampa mkono wa pole."

Halua atanunua mwenyewe.